Waliounda Gari na Waliookota Mawe

Historia ya teknolojia, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi vya shule na katika hotuba nyingi za majukwaani, ina wahusika wawili tu: mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu, na kiongozi mmoja mwenye maono. Wa kwanza hubuni, wa pili huamuru. Kati yao hakuna karakana, hakuna fundi wa kuchomelea, hakuna muuza chuma chakavu, hakuna kanuni wala uwanja wa majaribio. Ninaandika makala hii kupinga masimulizi hayo, na mfano nitakaoutumia huenda ukamshangaza msomaji aliyezoea kusoma hapa habari za katiba, bajeti na ardhi. Ni mfano wa magari yaliyoundwa kwa lengo moja tu: kwenda kasi kuliko gari jingine lolote juu ya uso wa nchi.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ya faida yake ya kimbinu. Gari la namna hii halibebi abiria, halibebi mizigo, wala halina soko la kulipendelea. Ama linafikia kasi iliyokusudiwa, ama halifikii. Kanuni ya rekodi za kimataifa ni kali: gari lipite umbali uliopimwa mara mbili, kwa kwenda na kurudi, ndani ya muda wa saa moja, kisha wastani wa safari hizo mbili ndio unaoandikwa. Upepo wa mgongoni haumsaidii mtu, na saa haidanganywi na hotuba. Kwa hiyo tukiuliza ni mazingira gani yanayowawezesha watu wachache, katika karakana ndogo, kuunda kitu cha kiwango cha juu kabisa duniani, hapa tunaweza kupata jibu lisilofunikwa na propaganda.

Ndugu wawili, injini nne

Mwaka 1965, katika mji wa Ontario, jimbo la California, ndugu wawili, Bob na Bill Summers, waliunda gari waliloliita Goldenrod. Hawakuwa kampuni ya magari. Walikuwa wametokea katika utamaduni wa vijana wa California waliofungua magari ya kawaida, wakayapunguza uzito, wakazitia injini nguvu zaidi, kisha wakayapeleka jangwani kushindana.

Tatizo walilolikabili ni rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Hewa hulisukuma gari nyuma, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kizuizi hicho kinavyokua kwa haraka zaidi kuliko mwendo wenyewe. Ukitaka kuongeza kasi mara mbili, huhitaji nguvu ya injini mara mbili. Unahitaji takribani mara nane. Zipo njia mbili za kutoka hapo: kuongeza nguvu, au kupunguza eneo la mbele linalokutana na upepo. Ndugu hawa walitumia zote mbili kwa pamoja. Walichukua injini nne za Chrysler za aina ya Hemi, kila moja ikiwa na ujazo wa lita 7, wakazipanga katika mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, ndani ya gari lenye urefu wa karibu mita 10 na wembamba wa mshale. Dereva aliketi nyuma kabisa, mkiani. Nguvu zilipelekwa kwenye magurudumu yote manne, kwa kuwa juu ya chumvi tairi huteleza kama juu ya barabara yenye tope jepesi.

Kwenye karatasi, mpangilio huo unaonekana mwepesi. Katika karakana, ni kazi ya miezi. Injini nne lazima zifanye kazi kama injini moja. Shafti zinazoziunganisha lazima zinyooke, kwa kuwa kosa dogo la ulinganifu, likizungushwa maelfu ya mara kwa dakika, hugeuka kuwa mtikisiko unaovunja chuma. Kila kipande ambacho hakikuuzwa dukani kilipaswa kuchorwa, kukatwa, kukerezwa na kupimwa upya. Bodi ya alumini ilikunjwa na kuungwa kwa mikono.

Tarehe 12 Novemba 1965, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Bob Summers aliliendesha gari hilo kwa wastani wa maili 409.277 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 658. Kwa magari ya injini za pistoni zisizosukumiwa hewa kwa mashine ya ziada, rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2010.

Tukumbuke nani alikuwa ameshikilia nafasi hiyo kabla yao. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 17 Julai 1964, Donald Campbell wa Uingereza alikuwa amefikia maili 403.10 kwa saa katika Lake Eyre, Australia, akiwa na gari la Bluebird CN7. Gari hilo liliendeshwa kwa injini ya turbini ya Bristol Siddeley Proteus, injini iliyotokana na ndege, na makampuni mengi ya viwanda vya Uingereza yalichangia katika uundaji wake. Ulikuwa mradi wa heshima ya taifa. Ndugu wawili wa Ontario waliupita kwa injini za pistoni.

Nyuma ya karakana

Hapa ndipo msimuliaji wa kawaida huweka nukta na kushangilia kipaji. Mimi naomba tuingie mlango wa nyuma wa karakana hiyo, tuangalie vitu vilitoka wapi.

Injini zilitoka Chrysler. Matairi yalitoka Firestone, na hili si jambo dogo: katika mwendo huo tairi la kawaida hupasuliwa na mzunguko wake lenyewe, na hakuna karakana ndogo duniani inayoweza kujitengenezea tairi la kasi hiyo. Umbo la gari lilisaidiwa na Walter Korff, mtaalamu wa mwenendo wa hewa kutoka sekta ya ndege, na kielelezo chake kidogo kikapimwa kwenye mtambo wa upepo wa chuo cha Caltech. Kwa maneno mengine, mlango wa maabara ya chuo kikuu ulifunguka kwa vijana wa gereji. Wanafunzi wangu wa sera za umma waisome sentensi hiyo mara mbili.

Turudi nyuma zaidi. Utamaduni uliowalea ndugu hao ulikuwa umekwisha kujijengea taasisi zake. Mwaka 1937 vilabu vya vijana wa kusini mwa California viliungana kuunda chama cha Southern California Timing Association, chenye kazi ya kupima muda, kuweka madaraja ya magari na kusimamia usalama. Walikuwa wakikimbia kwenye maziwa makavu kama Muroc, mahali ambapo baadaye jeshi lilipachukua kuwa kituo cha anga. Mwaka 1949 chama hicho kilianza kufanya wiki ya mashindano huko Bonneville. Uwanda huo ni ardhi ya umma. Hapakuwa na mwenye kiwanja wa kudai kodi isiyolipika, na fundi aliyekuja na gari la kuunda nyumbani alitumia chumvi ileile aliyoitumia Mwingereza mwenye fedha. John Cobb, aliyefikia zaidi ya maili 394 kwa saa mwaka 1947, alifanya hivyo katika uwanda huohuo.

Na kuna vita. Baada ya mwaka 1945 Marekani ilijaa vifaa vya kijeshi visivyohitajika tena, na vikauzwa kwa raia. Bill Burke, aliyekuwa ameyaona matangi ya mafuta ya ziada yanayofungwa chini ya ndege za kivita huko Pasifiki, alitambua kwamba umbo lake la tone la maji lingefaa kuwa bodi ya gari. Mwaka 1946 alikwisha kuunda gari kwa tangi kama hilo. Hesabu ya umbo ilikuwa imekwisha kulipiwa na mlipa kodi. Raia alinunua matunda yake kwa bei ya chakavu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Art Arfons wa Akron, Ohio. Katika Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la majini kama fundi wa injini za dizeli; shule yake ya ufundi, basi, ililipiwa na dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alinunua, kama chakavu, injini ya jeti ya J79, ya aina iliyotumika katika ndege za kivita za Starfighter. Injini hiyo ilikuwa imeharibika. Bei inayotajwa ni takribani dola 5,000. Aliifungua, akaondoa vilivyovunjika, akaijaribu nyumbani kwake. Kisha, katika karakana yake, akaiundia gari, akaliita Green Monster. Tarehe 27 Oktoba 1964 gari hilo lilifikia wastani wa maili 536.71 kwa saa, na tarehe 7 Novemba 1965 maili 576.553, zaidi ya kilomita 927.

Jeti, kwa kuwa haihitaji kuzungusha magurudumu, ilibadilisha mchezo mzima. Siku tatu tu baada ya Goldenrod, tarehe 15 Novemba 1965, Craig Breedlove alifikia maili 600.601 kwa saa kwa gari la jeti. Kwa vichwa vya habari, kazi ya ndugu Summers ilikuwa imezeeka kabla ya wino kukauka. Lakini historia haiandikwi na vichwa vya habari pekee. Kampuni ya ndugu hao iliendelea kutengeneza na kuuza ekseli na vipuri vya magari ya mashindano, na gari lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Rekodi ilipita, ujuzi ukabaki ukilipa mishahara.

Hoja yangu, basi, si kwamba ndugu hao hawakuwa hodari. Walikuwa hodari kupita kiasi. Hoja yangu ni kwamba uhodari wao uliegemea mambo matano yasiyoonekana kwenye picha: viwanda vinavyouza au kuazima vipuri vya kiwango, chakavu cha dola kinachomfikia raia, maabara iliyo wazi, ardhi ya umma ya kujaribia, na chama cha wenye ujuzi kinachojipangia kanuni.

Bei ya kujifunza

Nisingekuwa mkweli kama ningeacha upande wa pili. Tarehe 1 Agosti 1960 Athol Graham, fundi wa Salt Lake City, alikufa huko Bonneville ndani ya gari alilojiundia mwenyewe. Septemba 1962 Glenn Leasher alikufa mahali palepale katika gari la jeti lililoitwa Infinity. Novemba 1966 beringi ya gurudumu la gari la Arfons ilikatika katika mwendo wa karibu maili 600 kwa saa. Gari likasambaratika na yeye akatoka hai, jambo ambalo hata leo ni vigumu kulieleza. Mwaka 1971, katika uwanja wa mashindano huko Texas, gari lake jingine la jeti lilipoteza mwelekeo na watu watatu wakafa.

Ninayataja haya kwa sababu katika nchi zetu mjadala wa ubunifu huenda kwenye ncha mbili. Ama tunamsifu kijana aliyeunda helikopta kwa mabati bila kumuuliza habari ya usalama, ama tunamtuma polisi akamzuie. Waliofanikiwa walichagua njia ya tatu: ukaguzi unaofanywa na watu wanaoielewa kazi. Mikanda, fremu za kumlinda dereva, parashuti za kusimamishia gari na orodha za ukaguzi viliongezwa kidogo kidogo, mara nyingi baada ya msiba. Mkaguzi hakuwa adui wa fundi. Mara nyingi alikuwa fundi mwenzake aliyekwisha kuungua vidole.

Waliookota mawe

Afrika imo katika historia hii, na inafaa tuone imo katika nafasi gani. Mwaka 1929 Malcolm Campbell, baba yake Donald, alikuja na gari lake hadi Verneukpan, uwanda mkavu wa kaskazini mwa Rasi huko Afrika Kusini. Jina la mahali hapo, kwa Kiafrikaans, hubeba maana ya kulaghai. Njia ilibidi isafishwe kwa kazi ya mikono ya vibarua. Campbell hakuipata rekodi kuu aliyoifuata, kwa kuwa mwezi Machi mwaka huohuo Henry Segrave alikuwa ameipandisha kupita maili 231 kwa saa huko Daytona. Aliondoka na rekodi za umbali mrefu zaidi. Majina ya vibarua hayamo katika vitabu vya rekodi.

Miaka 90 baadaye hadithi ilirudi katika jimbo lilelile. Gari la Bloodhound, lililoundwa Uingereza, lililetwa Hakskeenpan, Northern Cape, na mwezi Novemba 2019 likafikia maili 628 kwa saa, zaidi ya kilomita 1,010. Lengo lilikuwa hatimaye kuivuka rekodi ya Andy Green ya maili 763.035, iliyowekwa kwa gari la Thrust SSC tarehe 15 Oktoba 1997. Ili gari hilo liweze kukimbia, zaidi ya watu 300 wa jamii za jirani waliajiriwa kuokota mawe kwa mikono. Inakadiriwa waliondoa tani 16,500 za mawe. Katika mwendo kama huo jiwe dogo lililorushwa na gurudumu ni kama risasi, hivyo hakuna aliyekuwa na kazi muhimu kuliko wao.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Ilikuwa kazi halali, ililipwa, na katika eneo lenye ajira chache mshahara si jambo la kubezwa. Ninachokiuliza ni swali la uchumi wa kisiasa. Kati ya mwaka 1929 na 2019, Afrika ilipigana vita vya ukombozi, ikajenga vyuo vikuu, ikasomesha wahandisi, ikaandika mipango ya maendeleo isiyo na idadi. Mbona katika mradi wa namna ileile, katika jimbo lilelile, mgawanyo wa kazi ulibaki karibu vilevile: wengine wanaunda gari, sisi tunatoa ardhi na kuokota mawe? Badilisha gari kwa mgodi, kwa kiwanda cha kuunganisha pikipiki, kwa mtambo wa gesi, na swali litabaki na uzito wake wote.

Amri haiundi gari

Jibu jepesi ni kwamba viongozi wetu hawakuthubutu. Si kweli. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya kwa sura na la mwendo wa pole. Wahandisi walifanya kazi. Magari matano ya mfano yaliundwa, yakaitwa Pioneer, na mwaka 1990 yakaoneshwa hadharani. Yalitembea. Kilichokosekana ni fedha na mtandao wa kuyaendeleza: viwanda vya vipuri, mikopo ya uzalishaji, na soko ambalo halikutegemea uhai wa kisiasa wa mtu mmoja. Uzalishaji haukufika. Urithi wake ulio hai ni kiwanda cha kukerezea na kukatia vyuma cha Numerical Machining Complex, kilichoanzishwa mwaka 1994 na chuo hicho pamoja na Shirika la Reli la Kenya. Hata katika kushindwa, kilichodumu ni karakana.

Kwetu Tanzania tuliwaza mapema. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kibaha lipo Shirika la Nyumbu chini ya JWTZ. VETA ipo tangu mwaka 1994. Na nje ya taasisi, wapo mafundi wa Gerezani, kama walivyo wa Kamukunji jijini Nairobi, ambao kwa nyundo, mtungi wa gesi na jicho la uzoefu hutengeneza vitu ambavyo mhitimu wa shahada angehitaji wiki nzima kuvichora. Hatuna uhaba wa mikono. Tunachokosa ni nyuzi za kuiunganisha mikono hiyo na maabara, na chakavu, na uwanja, na kanuni.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma wanaosoma makala hii, ninaweka maswali ambayo hayahitaji mfadhili wala kongamano ili yaanze kujibiwa. Mashine ya umma ikifutwa kwenye daftari la mali, fundi mdogo anaweza kununua kipande kimoja anachokihitaji, au mnada umepangwa kwa mwenye lori na tanuru la kuyeyushia? Maabara ya kupima uimara wa chuma katika chuo chako iko wazi kwa fundi wa mtaani siku ngapi kwa mwaka, na kwa ada gani? Anayetaka kujaribu trekta, boti au breki aliyoiunda mwenyewe, aende uwanja upi bila kukamatwa, na nani atamkagua kwa nia ya kumrekebisha? Bajeti ya ununuzi ya halmashauri yako imewahi kununua kitu cha fundi wa wilaya hiyohiyo, pasipo kuwa zawadi ya siku ya maonesho?

Kwa wanaharakati, ombi langu ni kwamba tuache kuipima serikali kwa idadi ya wabunifu inaowapigia makofi jukwaani. Tuipime kwa idadi ya milango inayofunguka makofi yakiisha. Na kwa wanafunzi: mkipewa picha ya mashine yoyote, iwe treni mpya, bwawa au simu iliyo mkononi mwenu, msiishie kuuliza ni nani aliyeibuni. Ulizeni ni nani aliyechomelea, chuma kilitoka wapi, nani alikagua, uwanja ni wa nani, na nani aliokota mawe. Majibu ya maswali hayo yataonesha nafasi tuliyopewa katika kazi hiyo, na mahali pa kuanzia kuidai nyingine.